Kitenzi cha Mzamiaji

Neno moja lilimkwama mfasiri kama mwiba wa samaki kooni. Mjomba wake, mzamiaji mstaafu, alikuwa amesimulia kivuko kilivyozama mtoni, na alipofika kwa yule abiria mwenye shati jeupe akasema tu, "Nikamwopoa." Kwa Kiswahili ilitosha. Lakini aliyeomba tafsiri ni binti wa abiria huyo, ambaye sasa ni marehemu; binti alikulia ughaibuni, alijua Kiingereza pekee, na Kiingereza kilitaka mtu achague.

Kuna "rescue" kwa anayetolewa hai. Kuna "salvage" kwa shehena, na "retrieve" kwa miwani iliyotumbukia kisimani. Kuna "recover" kwa maiti, na cha ajabu, neno hilohilo ni la mgonjwa aliyepona! Mfasiri aliyaonja moja moja kwa raha ya mtu anayeipenda kazi yake. Kisha raha ikamwisha, maana binti aliuliza jambo moja tu: baba alitolewa majini akiwa hai?

Akamfuata mjomba uani, akamkuta akiunga kamba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana hivyo? Kiingereza kimekupiga?"

"Kimenipiga. Yule mwenye shati jeupe, ulipomwopoa, alikuwa hai?"

Kicheko kikamkauka mjomba. "Chini kule hatupimi pumzi, mwanangu. Unamfunga kamba kifuani, unaitikisa, walio juu wanavuta. Wewe unarudi kuzama. Kuna wengine."

"Na baadaye hukuuliza?"

"Ningeuliza, ningezamaje tena?"

Miaka yote mfasiri aliudhani ukimya wa mjomba kuhusu aliowaopoa ni unyenyekevu. Sasa aliona ni hofu, akamwonea huruma.

"Ila nilipokaza fundo," mjomba akasema taratibu, "vidole vyake viliifumbata kamba. Sijui kama ni yeye au ni maji."

Mfasiri akarudi kwenye kompyuta. Alifuta "recover" aliyokwisha kuiandika, wala hakuweka kitenzi kingine mahali pake. Aliandika habari ya kamba, fundo na vidole, na kwamba mzamiaji hajui. Kisha akamsomea mjomba yote kwa Kiswahili.

Mjomba akailaza kamba mapajani.

"Ongeza hapo chini," akasema. "Kama binti atampata mmoja wa waliokuwa juu, amuulize. Halafu aniambie na mimi."