Mwenyekiti Hakutia Sahihi

Barua ilikuwa imepigwa chapa tayari. Iliyokosekana ni sahihi ya Phelis Chelangat tu. Bwana Alfayo, msimamizi wa hospitali, aliisukuma mezani kwa kidole kimoja.

"Chama cha Wauguzi wa Watoto kinajitenga na kitendo cha Sista Nyamusi," Phelis akasoma kwa sauti. Akainua macho. "Nani amekiandikia chama changu maneno haya?"

"Tumekusaidia tu, mwenyekiti."

Kitendo chenyewe kilijulikana Kericho nzima. Mwaka ule wa 1994 malaria ilipanda milimani, watoto wa wachumaji chai wakalazwa watatu watatu kitanda kimoja. Jumapili moja adhuhuri, Nyamusi akiwa zamu peke yake, aliletewa mtoto aliyekuwa akitupwatupwa na degedege. Sheria ilisema dripu ya kwinini haitundikwi bila amri ya daktari. Daktari alikuwa harusini Nakuru. Nyamusi akampima mtoto uzito, akapiga hesabu ya dawa, akatundika dripu. Mtoto akapona. Jumatatu, Nyamusi akasimamishwa kazi.

Bwana Alfayo akashusha sauti. "Mama, wewe ni mtu wetu. Huyo kwao ni Kisii. Na unajua nafasi ya sista mkuu iko wazi. Mbona ujichome kwa moto wa jirani?"

Phelis alihisi damu ikimpanda. Miaka miwili nyuma, makabila yao mawili yalipochomeana nyumba mpakani, Nyamusi ndiye aliyefunga majeraha ya watoto wa pande zote mbili bila kuuliza jina la baba. Phelis alikuwa kando yake, amemshikia mkasi. Hata hivyo aliogopa. Nyumba aliyokaa na wanawe ilikuwa ya hospitali, na kalamu ilikuwa karibu sana na mkono wake.

"Barua hii ina kosa," alisema. "Mmeandika kwamba Nyamusi alijichukulia mamlaka. Hakujichukulia. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Akafungua mkoba, akatoa karatasi za mafunzo ya chama. "Ukurasa wa pili: kutundika dripu ya kwinini daktari asipokuwapo. Jina langu liko chini. Tulifundishana wauguzi arobaini katika ukumbi wa kanisa, Kiptere."

"Unajua unachosema?"

"Najua vizuri. Hao arobaini leo wako zamu, kuanzia hapa mpaka Siongiroi. Kama ni kusimamisha, anzeni na mimi, mfuatishe wote. Halafu kesho asubuhi mje wodini nyinyi wenyewe."

Daktari, yule yule wa harusi, alikuwa ameketi mwisho wa meza akitazama viatu vyake. Akakohoa.

"Kipimo cha dawa kilikuwa sawa," alisema. "Hata mimi ningetoa hicho hicho."

"Hilo si swali, daktari!" Bwana Alfayo akafoka.

"Basi swali ni lipi?" Phelis akamuuliza, akasimama, akatoka. Barua akaiacha pale pale, tupu upande wa chini.

Nyamusi alirudishwa kazini baada ya wiki tatu, na onyo kwenye faili. Sheria haikubadilika hata nukta. Nafasi ya sista mkuu alipewa mwingine, na Phelis akahamishiwa kituo cha mbali cha Siongiroi kwa notisi ya siku nne. Alipokuwa akifunga vitanda kwa kamba alilia, lakini alilia kwa hasira, huku mikono ikiendelea kukaza mafundo.

Chama kilipofanya uchaguzi mwezi wa Novemba, wako waliotaka mwenyekiti asiye na makelele. Walisema wazi, mbele yake. Phelis akawasikiliza hadi mwisho, kisha kura zikapigwa. Akashinda kwa tofauti ya kura sita.

Hakutoa hotuba ya shukrani. Alitazama nyuso za vijana waliojiunga mwaka ule.

"Nani kati yenu hajawahi kutundika dripu ya kwinini?"

Mikono minane ikainuka, mingine kwa woga.

"Njooni mkae mbele," alisema, akikunja mikono ya sweta. "Na mlango uacheni wazi. Anayetaka kutusikia, atusikie."