Nani Alianzisha Masomo Bila Uzio

Ilikuwa sentensi moja tu. Adventina aliiandika Jumapili baada ya ibada, ameketi barazani kwake Nkwenda, kompyuta mpakato mapajani: "Masomo Bila Uzio ni mradi wa elimu huria ulioanzishwa Kihanga, wilayani Karagwe, na Kokuberwa Tukahirwa." Chini yake akaongeza maelezo machache, akahifadhi, na makala ikawa hewani katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuisoma na yeyote anaweza kuihariri.

Kazi iliyompa mshahara ilikuwa kufundisha biolojia katika sekondari moja ya hapo Nkwenda. Makala aliandika kwa kujitolea, kwa bando lake mwenyewe. Alijikita kwenye elimu huria, yaani masomo ambayo mwenyewe ameruhusu yanakiliwe, yatafsiriwe na kugawiwa bure. Wanafunzi wake waliyatumia kila wiki, lakini ukitafuta habari zake kwa Kiswahili hupati kitu. Miradi ya nchi za mbali ilikuwa na kurasa ndefu kwa lugha za wenyewe. Wa Kihanga haukuwa na hata mstari.

Siku chache baadaye sentensi ikageuka. Sasa ilisema mradi ulianzishwa na "Mkurugenzi Cleophace Kakuru kupitia taasisi yake." Adventina akairudisha. Ikageuzwa tena. Akairudisha tena, safari hii akibonyeza vitufe kwa nguvu kama mtu anayetwanga. Mwishowe Therese, mhariri mwenzake wa Bujumbura ambaye walijuana kwa kuandikiana tu, aliifunga makala isiguswe na mtu, akaweka tangazo juu yake: isipopata vyanzo vya kuaminika, itafutwa.

"Therese, wewe unanijua," Adventina aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano.

"Nakujua," Therese akajibu. "Msomaji hakujui. Kuna gazeti limeandika ni Cleophace. Wewe umeandika ni Kokuberwa. Umeitoa wapi?"

Aliitoa kwenye macho yake. Adventina alikulia Kihanga. Alimwona Kokuberwa, mwalimu wa kujitolea aliyeolewa kwa wafugaji, akirekodi masomo kwa simu ndani ya ghala la kahawa la jirani, kwa sababu magunia yalimeza kelele za nje. Watoto wa wafugaji walikuwa wanaondoka na mifugo kiangazi, wakirudi wamesahau kusoma. Kokuberwa akawa anawarekodia hesabu na kusoma, kwa Kiswahili na kwa Runyambo, lugha ya huko, anaweka kwenye memori kadi, kadi zinaondoka na ng'ombe. Anayetaka kunakili ananakili. Taasisi ya Cleophace ilikuja baadaye sana, ikiwa na vishikwambi, fulana zenye nembo na mwandishi wa habari. Lakini macho ya Adventina hayakuwa yamechapishwa popote, na kamusi elezo haipokei ushahidi wa macho ya mwandishi wake.

Jumatatu aliitwa ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Jovitus. Cleophace mwenyewe alikuwa amekaa pale, shati jeupe, simu mbili mezani.

"Madam, karibu," Jovitus alisema. "Mkurugenzi ana jambo jema kwa shule yetu."

"Kompyuta," Cleophace alisema. "Chumba kizima, na intaneti. Wafadhili wangu wako tayari. Ila wanasoma mtandaoni kama watu wote, na wanachokikuta kule kinawachanganya. Rekebisha ile makala, basi."

"Nirekebishe nini?"

"Mwanzilishi."

"Mwanzilishi ni mama Kokuberwa. Wewe unajua, na ukienda Kihanga hata wenye ng'ombe wanajua."

Cleophace akacheka kidogo, bila ubaya. "Yule mama alirekodi rekodi. Mradi ni kitu kingine, mwalimu. Mradi una ofisi, una ripoti. Mimi nimeutoa porini nikaufikisha gazetini."

"Basi nitaandika hivyo: Cleophace aliufikisha gazetini."

Jovitus akakohoa. "Madam Adventina, fikiria watoto. Kwa neno moja tu!"

Adventina alijua hali ya shule yao. Wanafunzi walikuwa wanasoma sehemu za kompyuta kwa kuchorewa ubaoni. Aliwaona nje ya dirisha wakifagia, na kwa kitambo kifupi alikaribia kukubali. Kisha akawaza jinsi watoto haohao watakavyoketi mbele ya hizo kompyuta mpya, wafungue makala yake, na wasome uongo aliouandika mwalimu wao.

"Sitaandika," alisema. "Na kama kuna barua ya kunishtaki, mkuu, andika kwamba nimeulizwa nikakataa. Usiandike kwamba sikuelewa."

Jumamosi alipanda bodaboda hadi Kihanga. Kokuberwa alikuwa uani, anaosha vibuyu vya maziwa, kanga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nkwenda kwema?"

Adventina alimweleza yote, akamwonyesha makala kwenye simu. Alitegemea shukrani. Kokuberwa alisoma polepole, kisha akamrudishia simu kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu.

"Jina langu liko hapa tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita, mama."

"Na hukuona haja ya kunipigia? Huyo Cleophace kanitoa bila kuniuliza, na wewe umeniweka bila kuniuliza. Tofauti yenu iko wapi?"

Adventina alikuwa ametoka Nkwenda na hasira za mtu anayetetea haki, na sasa uso ulimwaka kwa aibu. "Nimekosea, mama," alisema mwishowe. "Ukitaka jina liondoke, nitaomba liondolewe leo. Lakini la Cleophace siliweki."

Kokuberwa aliosha kibuyu kingine hadi akakimaliza. Akakianika juani.

"Sasa umeniuliza," alisema. "Liache. Mimi sikurekodi ili nisifiwe, lakini pia sikurekodi ili nifutwe. Huyo Therese wako anataka nini?"

"Anataka mtu wa nje, asiye mimi wala wewe, achunguze na achapishe."

"Twende redioni."

Redio ya jamii iliyokuwa Kayanga ilikuwa na mtangazaji aitwaye Renatha, mwanamke mwenye sauti nzito ambaye hakuna diwani aliyependa kuhojiwa naye. Alimsikiliza Kokuberwa, akasema, "Mama, nakuheshimu, ila sikuamini mpaka nimewasikia na wengine." Alitumia wiki nzima kupiga simu: wafugaji wa Kyerwa, mwenye ghala la kahawa, walimu wa Kituntu waliotafsiri baadhi ya masomo. Siku ya kipindi alimpangia Kokuberwa kiti studioni. Adventina alikataa kuingia. Anayeandika makala, alisema, hawezi kuwa chanzo chake pia. Akabaki nje, amesimama na bodaboda wawili wenye redio.

Wasikilizaji walipiga simu. Mfugaji mmoja alisema kwa Runyambo, Renatha akitafsiri, kwamba binti yake alijifunza kugawanya kwa sauti ya Kokuberwa kabla hajawahi kuona kishikwambi. Kisha Renatha akampigia Cleophace hewani.

"Mkurugenzi, ni nani alianzisha Masomo Bila Uzio?"

"Taasisi yangu ndiyo iliyoleta vifaa, mafunzo, na uendelevu wa…"

"Masomo yaliyokuwa ndani ya vifaa, alirekodi nani?"

"Sisi tunawezesha jamii, dada yangu."

"Alirekodi nani?"

Redioni kukawa kimya. Bodaboda mmoja akaongeza sauti, akidhani betri imeisha.

"Mama Kokuberwa alirekodi," Cleophace alisema. "Lakini bila sisi…"

"Asante, mkurugenzi. Na vifaa vyako pia tutavitaja."

Renatha akaandika habari ndefu kwenye tovuti ya redio, yenye majina ya waliohojiwa wote, na ya Cleophace pia. Adventina akaipeleka kwa Therese bila kuongeza neno. Therese aliisoma, akauliza maswali mawili magumu, akajibiwa. Siku iliyofuata tangazo la kufuta likaondolewa. Makala sasa ilisema mradi ulianzishwa na Kokuberwa Tukahirwa, na kwamba taasisi moja ilichangia vishikwambi baadaye. Ilikuwa haki kwa wote wawili, ingawa mmoja tu ndiye aliyefurahi.

Kompyuta hazikuja. Cleophace alimpigia Jovitus kusema wafadhili wamebadili mawazo, kisha gari lake likapita Kihanga kukusanya vishikwambi vyote. Akatuma na ujumbe kwamba masomo nayo yaondolewe kila mahali, kwa kuwa ni mali ya taasisi. Kokuberwa alicheka aliposomewa ujumbe huo. Masomo alikwishayatoa kwa ruhusa ya wazi tangu siku ya kwanza, yananakiliwa kutoka simu hadi simu, kutoka Karagwe hadi ng'ambo ya mpaka. Nani angeyakusanya? Yalikuwa yameshaondoka na ng'ombe.

Shuleni mambo yalikuwa mazito zaidi. Baadhi ya walimu waliacha kumsalimia Adventina. Mmoja alisema mbele yake, chai ikiwa mezani, kwamba kuna watu wanaopenda jina la mtu mmoja kuliko watoto mia tano. Ilimuuma, kwa sababu hakuwa na jibu ambalo lingeleta kompyuta hata moja. Akanywa chai yake mpaka mwisho, akaosha kikombe, akaenda darasani. Hakuomba radhi.

Siku ya gulio Kokuberwa alimtokea Nkwenda bila taarifa, na mkungu wa ndizi juu ya bodaboda.

"Huu ni wa kwako," alisema. "Na sasa nifundishe kuandika hizo makala."

"Ya kwako huwezi kuigusa, mama. Ni sheria."

"Nani amesema ya kwangu? Kituntu kuna akina mama wana masomo ya kilimo cha kahawa, wanayagawa bure. Redio imewahoji mara ngapi! Hawamo mle."

Wakakaa chumba cha walimu, kompyuta mpakato mezani. Kokuberwa alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, anasoma kila neno kwa sauti, anafuta, anarudia. Jovitus aliingia kuchukua chaki, akawaona, akasimama mlangoni.

"Madam, bado tu unaendelea na haya mambo?"

"Tunaanza mapya," Adventina alisema.

Jovitus alisogea, akaangalia skrini juu ya bega la Kokuberwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kahawa mmeandika kwa herufi kubwa," alisema. "Iwe ndogo."

"Haya, mwalimu, asante," Kokuberwa alisema, akaitafuta herufi kwa kidole chake, akairekebisha, na akaendelea na sentensi inayofuata.