Mashine Iliyokuwa Kimya

Pale maabara wenzake walimbandika jina la Redio, kwa sababu habari njema haikukaa kifuani mwake hata kidogo. Alikuwa akichunguza protini moja ya damu ambayo kwa watu wa ukoo wao hufumuka, kisha vipande vyake hujipanga vyenyewe kuwa nyuzi, na nyuzi zikakakamaza moyo. Ndizo zilizomwua baba yao. Sasa zilikuwa kwa kaka yake, fundi cherehani, aliyepangiwa upasuaji wa moyo Jumatatu na aliyekiogopa kisu kuliko kifo chenyewe.

Redio alitia protini na dawa mpya kwenye vishimo vya sahani, akaongeza rangi inayong'aa ikikutana na nyuzi, na jioni akaiweka sahani kwenye mashine ya kutikisa na kupima mwanga. Asubuhi akakuta giza tupu, hakuna uzi hata mmoja. Palepale akapiga simu. "Kaka, dawa imekubali." Naye kaka, kana kwamba alikuwa akingoja kisingizio, akawaambia madaktari wamwache kwanza.

Lo, mtu na digrii zake! Kesho yake ndipo alipokumbuka kutazama vishimo ambavyo hakuvitia dawa. Navyo vilikuwa giza vilevile. Protini ile haiungani upesi bila kutikiswa, na mtikiso wa mashine aliuzima mwenyewe jioni ile kaka alipompigia, apate kumsikia vizuri, akasahau kuuwasha. Akarudia jaribio, mashine ikitikisa. Vishimo vyote viling'aa, vyenye dawa na visivyo na dawa.

Hakutaka kulisema jambo hilo kwa simu. Alimkuta kaka akipunguza suruali ya mteja, anahema kama aliyepanda ngazi. Akamweleza yote, hata la kuzima mashine.

Kaka akasimamisha cherehani. "Kwa hiyo dawa hakuna."

"Hakuna, kaka. Nilikudanganya bila kujua. Nisamehe, lakini nenda ukapasuliwe."

Kaka akaikunja suruali ya mteja taratibu, Redio akatamani atukanwe tu yaishe.

"Daktari alinibembeleza," akasema mwishowe. "Wifi yako alilia hapahapa. Wote niliwakatalia kwa neno lako wewe. Unadhani yupo mwingine wa kunirudisha kwenye kile kitanda?"

Akaichomoa simu mfukoni, akampa mdogo wake.

"Wapigie madaktari wewe. Mimi nikiongea nao, nitaghairi."