Mstari Mweupe

Katika miaka ishirini na miwili ya ukatibu wa kamati ya makaburi, Lempi Kangas alikosea mara moja tu. Lakini lilikuwa kosa la kutosha kumkosesha usingizi.

Katikati ya macho yake kulikuwa kumeingia doa la kijivu, na daktari alimwambia waziwazi kwamba halitatoka. Mama mmoja kutoka ofisi ya watu wenye uoni hafifu akaja nyumbani, akaufuta ule weupe wa skrini ya kompyuta uliokuwa ukimchoma, akamwekea herufi za manjano juu ya weusi, kubwa kubwa, maneno matatu manne kwa wakati mmoja. Lempi alilia. Tangu theluji ya kwanza alikuwa hajasoma kitu kwa macho yake mwenyewe.

Kisha, Februari, mipangilio ikamvurugikia, akajaribu kuirekebisha peke yake. Badala ya kubadili rangi za skrini, akabadili rangi ya hati yenyewe ya kumbukumbu za kikao, akaituma. Wenzake wa kamati wakachapa herufi za manjano juu ya karatasi nyeupe. Duane Kittelson, mwenyekiti, aliinua yake dirishani akasema, "Mimi naona theluji tu!" Wote wakacheka, Lempi naye akacheka, huku moyo ukimuuma.

Yule mama akarudi, akamwonyesha kitufe kinachoilazimisha kila hati, iwe imeandikwa kwa rangi gani, ivae manjano na weusi pale anapoisoma yeye, bila kugusa nakala za wenzake. Lempi akakibonyeza na hakukigusa tena. Lakini kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao ilikuwa imeshahamia kwa mwanakamati mwenzake Roselyn Hautala, "kwa muda tu." Lempi alibaki na kazi ya kuzisoma kwa sauti, na daftari la makaburi.

Daftari hilo alilishika kwa roho yake yote. Huko kwao Minnesota kaskazini, ardhi ya Januari haichimbiki. Wafu hungoja kwenye nyumba ya mawe hadi Mei, na Mei Lempi ndiye humwambia mchimbaji wapi pako wazi na wapi pana mtu. Mstari wa marehemu mumewe Arvo aliuandika humo mwenyewe. Kunyang'anywa daftari lile kungekuwa kama kufukuzwa nyumbani.

Kikao cha Aprili kilifanyika katika chumba cha chini ya kanisa, kwa kahawa na mkate mtamu wa iliki. Walikuwa watano: Lempi, Duane, Roselyn, Bernice Olesen na mzee Roy Lahti. Wenzake walishika karatasi, Lempi akafungua kompyuta yake, akaanza kusoma kumbukumbu za Machi. Ya tatu, ukarabati wa lango. Ya nne, mashine ya kukatia nyasi. Maneno yalimjia machache machache, naye aliyatoa kama yalivyokuja, kwa ile sauti yake ya kikao.

"Kikao kidogo cha Duane, Roselyn na Bernice... kimekubaliana kwamba... kuanzia mwezi wa Juni... daftari la makaburi... liondolewe mikononi mwa... Lempi Kangas."

Jina lake lilishamtoka mdomoni kabla hajalielewa.

"Hiyo umeitoa wapi?" Roy aliuliza, akigeuza karatasi yake. "Mimi hapa baada ya nne ni nafasi tupu, halafu tano."

Roselyn aliweka kikombe chini.

"Mstari huo niliupaka rangi nyeupe," alisema mwishowe. "Mwenyekiti alisema kanuni hairuhusu kufuta uamuzi. Basi nikauacha, ila usionekane."

"Kwangu kila kitu ni manjano, Roselyn," Lempi alisema. "Duane, ungeniambia usoni ungepungukiwa nini?"

"Tulitaka tukuepushe na aibu."

"Aibu ya nani?"

Duane alikuna shingo. "Haya, sikiliza. Ukikosea mstari mmoja kwenye daftari, tunachimba juu ya mtu. Karatasi tupu tulicheka. Hilo hatutacheka."

Ilikuwa kweli, na Lempi aliijua kuliko wote. Hofu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimfanya asome kila mstari mara tatu.

"Mimi uamuzi wa kujificha siutambui," Roy alifoka. "Kura ipigwe hapa hapa!"

"Sawa," Duane alisema. "Wanaotaka daftari lihamishwe, nyoosheni mikono."

"Mikono siioni," Lempi alisema. "Semeni kwa mdomo, mmoja mmoja, na kila mtu ataje jina lake."

Roy ndiye aliyeanza.

"Mimi Roy. Hapana, na mmeniudhi."

"Bernice hapa. Lempi, mwenzangu, mimi nilidhani ungefurahi kupumzika..."

"Hiyo ni ndiyo au hapana?" Lempi aliuliza.

"Hapana."

"Roselyn." Sauti ilikuwa ya machozi. "Hapana. Nisamehe, Lempi."

Kiti cha Duane kililia. "Duane Kittelson," alisema. "Ndiyo. Nilisema ndiyo ukiwa haupo, nitasema ndiyo ukiwapo."

Lempi alimgeukia. Usoni mwake aliona doa la kijivu tu, kama alivyoona kwenye uso wa kila mtu siku hizi. Lakini sauti aliisikia vizuri, na miezi yote hii, kati ya watu waliomshika mkono kwenye ngazi na kumchekea, huyu ndiye wa kwanza kumwambia jambo zito bila kulizungushazungusha. Alishangaa kuona hasira inampungua.

"Asante, Duane," alisema, na alimaanisha. "Mei utakuja na nakala yako ya daftari kwenye karatasi, nitakusomea kila mstari kabla ya jembe kugusa udongo. Nikikosea mmoja, daftari nakukabidhi mwenyewe."

Kisha akavuta kompyuta karibu, akaandika polepole: hapana tatu, ndiyo moja, Duane Kittelson. Akaituma hati hiyo kwenye mashine ya kuchapa iliyokuwa pembeni, akaileta karatasi ikiwa bado ina joto, akamwekea Roselyn mbele.

"Niangalizie. Inaonekana?"

Roselyn alifuta macho, akaisoma mpaka chini.

"Inaonekana," alisema. "Yote."