Kanisa la Fundi Twaha

Hakuna aliyemwambia fundi Twaha kwamba kanisa la Kiorthodoksi hutazama mashariki. Na nani angemwambia? Padre Raymond alikuwa akitoka Korogwe na kufika Sindeni saa sita mchana, jua liko utosini, anasifia matofali, anarudi zake. Twaha naye alikuwa amejenga misikiti kumi na mmoja, kuanzia Manundu hadi Handeni mjini. Siku ya kupima msingi alisali alfajiri palepale kiwanjani, akakunja mswala, akavuta kamba. Kamba ikaenda ilikozoea, upande wa Kibla, yaani kaskazini moja kwa moja.

Asubuhi ya kuwekwa wakfu, Askofu Eliasi aliingia kanisani, jua likampiga sikioni. Akageuka. Akageuka tena. Mzee huyu alikuwa ameanzisha makanisa ishirini na sita, na hakuna hata moja ambamo jua lilimwingia ubavuni.

"Padre," akauliza, "mashariki ni wapi?"

Padre Raymond akanyoosha kidole kwenye ukuta wa pembeni.

Pale mlangoni, Twaha alisikia yote. Askofu alikuwa ameahidi kwamba fundi wa kanisa hili, kazi yake ikipendeza, ndiye atakayejenga kijumba cha mtawa wa kuishi peke yake kule mlimani. Kwaheri kijumba. Kwaheri na jina, maana hadi jioni Korogwe nzima ingekuwa inamcheka.

"Shikamoo, Baba Askofu," akasema. "Kosa ni langu. Mkono umezoea msikiti."

"Marahaba," akajibu Askofu, na ndevu zikaanza kutikisika. Kicheko kikamtoka, cha kushika mbavu, hata Padre aliyekuwa karibu kulia akajikuta anacheka.

"Madhabahu mmeshayajenga kwa matofali?"

"Bado, Baba," akajibu Padre. "Ni meza tu, tulikungoja wewe."

"Basi shikeni!"

Askofu akakunja mikono ya joho, akashika pembe moja ya meza, Twaha nyingine. Akina mama wakabeba mabenchi, wanagongana, wanacheka, vigelegele juu. Meza ikatua katikati ya ukuta mrefu wa mashariki, chini ya dirisha kubwa. Kanisa lililokuwa refu likawa pana. Mama Stefania, mwenyekiti wa akina mama, akautazama mlango, ambao sasa haukuwa tena nyuma bali ubavuni, wazi kwa macho ya kila mtu.

"Jamani! Wachelewaji leo wamekwisha!"

Ibada ilipomalizika, Twaha alikusanya vifaa vyake aondoke bila kuaga. Askofu akamfuata hadi nje, akamwonyesha mlima.

"Kile kijumba utaanza lini?"

Twaha alitamani kumkumbatia, akajizuia.

"Baba, na kikielekea Kibla tena?"

"Mtawa ni mmoja tu," akasema Askofu. "Atageuka mwenyewe."

Twaha akacheka hadi akakaa juu ya mfuko wa saruji, machozi ya furaha yanamtiririka.