Biskuti za Nazi

Jumamosi asubuhi Fredy alipasua pakiti ya biskuti, akakung'uta makombo mezani, akaelekeza kamera ya simu ya mama yake kwenye mraba wa vidoti vyeusi uliochapwa ndani ya karatasi. Kila mraba ulifungua mchezaji mpya wa gemu la mpira. Simu ikalia kidogo, na kwenye kioo akatokea Sila, amevaa sketi ya bluu na shati jeupe, anaingia darasani.

"Mama, katoka dada Sila tena," Fredy alilalamika. "Mimi nataka golikipa!"

"Skani nyingine," alisema mama yake, Edina, akigeuza gazeti.

Ya pili nayo ilimtoa Sila, safari hii ubaoni, akikokotoa eneo la duara. Alipata. Darasa likampigia makofi.

Sila mwenyewe alikuwa uani, anasuuza vyombo. Edina, mdogo wa mama yake, ndiye aliyemleta mjini Makole kutoka kijijini Haneti, kwa makubaliano kwamba ataanza kidato cha kwanza. Mwaka ule Edina alikuwa na kichanga. Uliofuata alikuwa na semina. Kisha jambo lile halikuzungumzwa tena.

Watoto wengine wa mtaa waliendelea kupata wachezaji. Rubina, mwenye duka, alishauri wajaribu biskuti za nazi. Za nazi zilimpandisha Sila kidato cha pili.

Siku hiyo hiyo Raheli, mama yake Sila, alifika na furushi la karanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mwanangu anaendeleaje na shule?"

Kwa muda mrefu Edina alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia. Badala yake akampa simu. Raheli aliishika kwa mikono miwili. Mwalimu aliuliza swali, Sila akanyoosha kidole, akajibu kwa Kiingereza. Raheli hakuelewa neno, ila sauti aliijua. Akapiga kigelegele.

"Kumbe anasoma!"

"Anasoma, dada."

Ilikuwa kweli. Edina alitamani iwe uongo, maana uongo angeweza kuukiri.

Sila aliingia na chai. Mama yake akamvuta, akamketisha ubavuni waangalie pamoja. Sila alijitazama kwa makini, mikono ikichuruzika maji.

"Mwandiko wangu umekuwa mzuri," alisema.

"Usilegee, mwanangu."

"Silegei, mama."

Mwalimu aliuliza swali jingine, na hapo picha ikasimama. Kioo kiliandika kwamba kuendelea kunahitaji msimbo mpya kutoka kwenye pakiti. Edina alimwangalia dada yake, akamwangalia Sila. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Akafungua pochi.

"Sila," alisema, "kimbia kwa Rubina ulete za nazi."

"Haya, mama mdogo."

Sila alijifuta mikono kwenye kanga, akatoka. Kwenye kioo alikuwa bado ameketi kwenye dawati la mbele, kidole juu, akisubiri kuitwa.