Hakuna Aliyepatikana

Kufikia saa sita kasoro robo Senga Rafferty alikuwa amegonga milango arobaini na mitano ya jengo lile la Glasgow, na mitano tu ndiyo iliyofunguliwa. Yote ya wastaafu wa upande wa jua, ambako kuta ni kavu. Upande wa kaskazini watu walikuwa kazini, au wametoka zamu ya usiku na wamelala fofofo.

Kampuni ya nyumba ilitaka kujua ni nyumba ngapi zina kuvu. Zikifika nusu ya waliohojiwa, kuta zingetengenezwa kabla ya baridi kuanza. Zisipofika, mpaka mwakani.

Mlango wa mwisho, wa arobaini na sita, aligonga mara mbili. Haukufunguliwa, ila ndani mtu akakohoa. Senga akavua kitambulisho shingoni, akainama, akasukuma kifuniko cha tundu la barua mlangoni na kuita kama majirani wanavyoitana.

"Bessie! Ni mimi, Senga, binti yake Ina!"

Bibi Bessie Coutts akafungua. "Si useme, mwanangu! Unagonga kama askari."

Chumbani kuvu jeusi lilikuwa limepanda mpaka darini. Mumewe alikaa kitini na koti lake, kila pumzi ikipiga filimbi.

"Baridi nyingine humu haimalizi," Bessie alinong'ona.

Senga akatoka nje hadi kwenye ngazi, akampigia msimamizi wake.

"Struan, tunawapata wenye kuta kavu tu. Niache nirudi jioni, niwaite kwenye tundu la barua. Bessie kanifungulia hivyo hivyo."

"Umevua kitambulisho?"

"Nimevua."

"Basi huyo hahesabiki. Utaratibu ni saa nne mpaka saa sita, unagonga mara mbili, unaondoka."

"Mumewe anakufa kwa kuvu, Struan!"

"Sisi tunakusanya tu, dada. Andika hakupatikana. Hutaki, kesho nina mwingine wa kuishika hiyo kazi."

Simu ikakatwa. Senga akaketi kwenye ngazi na fomu arobaini na moja tupu mapajani. Aliihitaji kazi ile. Chini kabisa ya fomu palikuwa na nafasi ya sababu ya mtu kutohojiwa. Kwenye ya Bessie akaandika: *Alikuwepo. Hatukutaka kumuuliza.*

Akachukua fomu ya pili, akaandika vilevile. Simu kutoka kwa Struan iliita, ikanyamaza, ikaita tena. Kufikia ya arobaini na moja wino ulikuwa umefifia, naye akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.